Sindano ya Miezi Sita Haijaifuta Hoja ya Chanjo ya VVU

Tangu Juni 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipoidhinisha sindano ya lenakapaviri kwa ajili ya kuwakinga watu wasio na VVU, umekuwa ukizunguka ujumbe katika makundi ya WhatsApp, na hata katika baadhi ya vichwa vya habari, kwamba chanjo ya UKIMWI hatimaye imepatikana. Julai ya mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza sindano hiyo katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Kigali, na ujumbe ule ukazidi kupata nguvu kwa kuwa safari hii habari ilitangazwa karibu na nyumbani. Furaha hiyo ina msingi wake, maana haijawahi kuonekana dawa ya kujikinga yenye matokeo kama haya. Lakini nyuma ya furaha hiyo zimefuata hitimisho mbili ambazo zinasemwa kwa sauti inayozidi kupanda: kwamba utafutaji wa chanjo, uliokula fedha kwa miaka arobaini, sasa unaweza kufungwa bila hasara, na kwamba mashirika yasiyo ya kiserikali yanayofanya uchechemuzi, yaani utetezi, wa kinga na chanjo yamemaliza kazi yake na yanapaswa kupisha.

Naziona hitimisho zote mbili kuwa na kosa, tena kosa lilelile. Zinaichukulia sindano hii kana kwamba ilitoka maabara ikaenda moja kwa moja hadi zahanati, ilhali kila hatua ya safari yake, kuanzia nani ahusishwe katika majaribio hadi bei itakayolipwa, ilisukumwa na watu ambao kazi yao haikuwa kutengeneza dawa. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba lenakapaviri imeongeza uzito wa kazi ya utetezi, na imeonyesha waziwazi kwa nini chanjo bado inahitajika, kwa sababu kinga inayomtaka mtu arudi kituoni kila baada ya miezi sita inategemea pia bajeti, ghala, ndege ya mizigo na uamuzi wa wanasiasa ambao hatuwapigii kura.

Tuanze na dawa yenyewe. Lenakapaviri huchomwa chini ya ngozi, ikajikusanya hapo na kuachia dawa polepole kwa takribani miezi sita. Siku ya kwanza na ya pili mtumiaji humeza pia vidonge ili kiwango cha dawa mwilini kipande haraka. Inakishambulia kirusi kwenye kapsidi, yaani ganda linalohifadhi vinasaba vyake. Katika jaribio la PURPOSE 1, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kati ya 2,134 waliopewa sindano. Jaribio la PURPOSE 2, lililohusisha zaidi wanaume wanaofanya ngono na wanaume pamoja na watu waliobadili jinsia, lilionyesha maambukizi yamepungua kwa asilimia 96 kulinganisha na kiwango ambacho kingetarajiwa bila kinga. Pamoja na ubora huo wote, mwili wa mtumiaji haujafundishwa chochote. Chanjo huuzoesha mwili kumtambua adui ili utengeneze kingamwili zake wenyewe, wakati dawa hii ni mlinzi wa kukodi ambaye hulinda vizuri mno kwa muda aliolipiwa. Tena mlinzi huyu haondoki kwa siku moja. Dawa hubaki mwilini kwa kiwango kidogo kwa miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho, na mtu akiambukizwa katika kipindi hicho, kirusi kinaweza kujenga usugu.

Jambo hili lingebaki la kitaalamu kama yasingetokea ya mwaka 2025. Januari 20 serikali mpya ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na mwezi uliofuata, ilipotoa ruhusa maalumu ili baadhi ya huduma za PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI duniani, ziendelee, dawa za kujikinga ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Msichana ambaye hana mimba, mwanamke anayeuza ngono, mwanamume anayefanya ngono na wanaume, kijana anayejidunga dawa za kulevya, mke ambaye mume wake ana VVU, wote hao walijikuta nje ya ruhusa hiyo, na waelimishaji rika waliokuwa wakiwafuata mitaani wakaambiwa wabaki nyumbani. Mtu aliyechanjwa surua utotoni hakupoteza kinga yake asubuhi ile. Aliyekuwa akitumia PrEP, yaani dawa za kujikinga kabla ya kuambukizwa, aliipoteza kadiri kichupa chake kilivyokuwa kikiisha. Miezi michache baadaye UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, ilikadiria kwamba endapo misaada ya Marekani itakoma kabisa na pengo lisizibwe, kufikia 2029 dunia itashuhudia maambukizi mapya milioni 6 ya ziada na vifo milioni 4 vya ziada. Ni makadirio, na yanaweza kusahihishwa, lakini yanatuonyesha udhaifu wa aina ya kinga tunayoisherehekea: inakatika mara tu mnyororo wa ugavi unapokatika.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu wengi wanaosema utetezi umepitwa na wakati hawakumbuki hali ilivyokuwa kabla yake. Mwaka 2004 serikali ya Kambodia ilizuia jaribio la tenofoviri, mojawapo ya dawa zilizokuja kuwa msingi wa PrEP, na mwanzoni mwa 2005 jaribio la dawa hiyohiyo likasimamishwa Kameruni. Katika nchi zote mbili waliolengwa walikuwa wanawake wanaouza ngono, na maswali yaliyoulizwa yalikuwa ya haki kabisa. Nani atamtibu atakayeambukizwa jaribio likiendelea? Nani atamhudumia atakayedhurika na dawa miaka mingi baada ya watafiti kufunga virago? Kwa nini wahusika hawakuulizwa kabla mpango haujaandikwa? Watafiti wengi wa wakati ule waliyaona maswali hayo kuwa vurugu za wanaharakati. Shirika la AVAC la New York, lililoanzishwa 1995 kwa lengo mahususi la kutetea utafiti wa chanjo ya UKIMWI, lilichagua njia nyingine: likishirikiana na UNAIDS lilisaidia kuandaa mwongozo wa ushirikishwaji bora wa jamii katika majaribio ya kinga, uliotolewa 2007 na kuboreshwa 2011. Kutokana na mwongozo huo mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida yakawa na nguvu ya utaratibu. Bodi ya ushauri ya jamii husikilizwa kabla ya jaribio, anayeambukizwa hupangiwa matibabu, na matokeo hurudishwa kwa washiriki kabla hawajayasikia redioni.

Habari ya wanawake katika majaribio inaonyesha kazi hii kwa undani zaidi. Utafiti wa Partners PrEP, uliofanywa Kenya na Uganda kwa wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, ulionyesha 2011 kwamba vidonge vinakinga vizuri. Karibu wakati huohuo, majaribio ya FEM-PrEP na VOICE kwa wanawake wa Afrika, wengi wao vijana, hayakuonyesha kinga yoyote, na vipimo vya damu vikaeleza sababu: washiriki wengi hawakuwa wakimeza dawa, kiasi kwamba katika VOICE dawa ilionekana kwenye chini ya theluthi moja ya sampuli zilizopimwa. Wepesi wa kulaumu walisema wanawake hawa si wakweli. Watetezi wa kinga ya wanawake walitaka waulizwe wenyewe, na majibu yaliyopatikana yanafahamika kwa yeyote anayeishi katika nyumba zetu: kidonge kinafanana na ARV, kichupa kinalia mkobani, mwenza atauliza, mama mkwe ataona, majirani watasema binti ameathirika. Hapo ndipo dai la kinga ya siri, ya muda mrefu, iliyo mikononi mwa mwanamke mwenyewe lilipopata uzito, na fedha zaidi zikaelekezwa kwenye pete ya ukeni yenye dawa ya dapivirini na kwenye sindano. Hata hivyo dai hilo halikujitekeleza. Mwaka 2019 dawa ya Descovy ya kampuni ya Gilead iliidhinishwa Marekani kwa kujikinga, huku wanaoweza kuambukizwa kwa njia ya uke wakiachwa nje ya idhini kwa kuwa jaribio lake halikuwahusisha. Wanaharakati walilipigia kelele jambo hilo pande mbili za bahari. Jaribio kubwa la kinga lililofuata la kampuni hiyohiyo, yaani PURPOSE 1, liliwahusu wasichana na wanawake wa Afrika, likawaingiza wenye miaka 16, na aliyepata mimba njiani aliruhusiwa kubaki. Siwezi kuamini kwamba mabadiliko hayo yalitokea kwa bahati.

Kuhusu chanjo yenyewe, inabidi kukiri kwamba historia yake inauma. Aprili 1984, Waziri wa Afya wa Marekani wa wakati huo, Margaret Heckler, alitarajia chanjo iwe tayari kuanza kujaribiwa katika muda wa takribani miaka miwili. Mei 18, 1997 Rais Bill Clinton aliiwekea nchi yake lengo la kuipata katika muda wa miaka kumi, na tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kuwa siku ya uhamasishaji wa chanjo ya VVU. Ukanda wetu haukuwa mtazamaji katika safari hiyo. Uganda ilifanya jaribio la kwanza la chanjo ya VVU barani Afrika mwaka 1999. Nairobi ilifuata 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Oxford na IAVI, shirika la utafiti wa chanjo ya UKIMWI lililoanzishwa 1996, na wazo la chanjo ile lilichochewa na wanawake wauza ngono wa Majengo ambao kwa miaka mingi walikutana na kirusi bila kuambukizwa. Dar es Salaam, kuanzia 2007, maofisa wa polisi walijitolea miili yao katika jaribio la HIVIS lililoendeshwa na Muhimbili pamoja na wanasayansi wa Sweden, na baadaye Mbeya ikaungana katika majaribio yaliyofuata. Hawa watu wa kujitolea hawatajwi vya kutosha. Walikubali kuchomwa kitu kisichojulikana kama kitawasaidia, wakavumilia minong'ono ya mitaani kwamba wamepandikizwa virusi, na wengi wao walimaliza ratiba yao yote ya kliniki.

Kisha yakaja matokeo. Chanjo iliyojaribiwa katika utafiti wa STEP ilisimamishwa 2007. Jaribio la Thailand lilitangaza 2009 kinga ya asilimia 31, kiasi cha kutia moyo lakini kisichotosha kuisambaza. Jaribio lililojengwa juu ya lile la Thailand, likiwa na watu zaidi ya 5,400 Afrika Kusini, lilisimama Februari 2020. Imbokodo, lililowahusisha wanawake wapatao 2,600 katika nchi tano za kusini mwa Afrika, likasimama 2021, na Mosaico 2023. Desemba 2023 ikawa zamu ya PrEPVacc, jaribio lililoongozwa na Waafrika chini ya Profesa Pontiano Kaleebu wa Uganda, lililokuwa na vituo Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban: upande wa chanjo ulisitishwa baada ya kuonekana kwamba hakukuwa na matumaini ya kinga. Sababu za kisayansi zinajulikana. Kirusi hubadilika kwa kasi isiyo ya kawaida, hujifunika kwa tabaka la sukari linalowazuia askari wa mwili wasikifikie, na ndani ya siku chache hujiandika katika vinasaba vya chembe hai, mahali ambapo hakifukuziki. Kwa magonjwa mengi tunaigiza kinga ya aliyepona. Kwa VVU karibu hakuna aliyepona kwa kinga yake mwenyewe wa kumwigiza.

Kwa hiyo hoja ya wanaotaka utafiti wa chanjo usimamishwe si ya kubezwa, na naiweka hapa kwa nguvu zake zote. Wanasema mwaka 2024 pekee watu milioni 1.3 waliambukizwa duniani, wakati lengo la 2025 lilikuwa wasizidi 370,000; kwamba Tanzania, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, ilikuwa na takribani watu wazima 60,000 wanaoambukizwa kila mwaka; na kwamba katika hali hiyo kila dola inayopelekwa maabara kutafuta kisichopatikana inaondolewa kwa msichana ambaye angekingwa leo. Ningeulizwa pa kupeleka shilingi moja ya mwaka huu, ningeipeleka kwenye sindano bila kusita. Lakini fedha hizi haziko katika mfuko mmoja. Zilipokatwa zile za chanjo, hazikuhamishiwa zahanati. Mapema 2025 Marekani iliufuta ufadhili wa mpango wa BRILLIANT, uliokuwa ukiongozwa na Profesa Glenda Gray wa Afrika Kusini ili wanasayansi wa nchi nane za Afrika wabuni na kujaribu chanjo wenyewe, na Mei mwaka huo ikawaarifu watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke na taasisi ya Scripps kwamba vituo vyao vikuu vya ubunifu wa chanjo havitaendelezwa. Sijaona mahali popote ambapo akiba iliyopatikana ilinunua dozi moja ya kinga. Na timu ya utafiti haihifadhiwi kama dawa kwenye jokofu. Wauguzi wa kliniki za majaribio, wataalamu wa maabara, wahamasishaji ambao jamii inawaamini, wakitawanyika leo itachukua muongo mzima kuwapata wengine wa aina yao.

Uchungu wa ukataji huo unazidi ukitazama ulitokea lini. Mwezi huohuo wa Mei 2025 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio madogo mawili ya IAVI na washirika wake, moja likiwa limefanyika Kigali na Afrika Kusini, ambako watu 18 walipewa chanjo ya mRNA iliyobuniwa kuamsha chembe adimu za mwili ambazo, zikilelewa hatua kwa hatua, zinaweza kuja kutengeneza kingamwili zinazozima aina nyingi za VVU kwa wakati mmoja. Chembe hizo ziliamka kwa 17 kati yao. Hii ni hatua ya kwanza tu ya ngazi ndefu, na kulikuwa na watu kadhaa waliopata vipele vya ngozi ambavyo lazima vieleweke kabla ya kusonga mbele. Hata hivyo, sasa wanasayansi wanaonyesha kwamba mwitikio wa mwili unaweza kuelekezwa kwa makusudi, badala ya kurusha chanjo na kuomba ipate shabaha, na wameonyesha hivyo ndani ya miili ya Wanyarwanda na Waafrika Kusini. Kuifunga njia wakati huu ni kuitupa elimu iliyonunuliwa kwa kushindwa kote nilikokutaja, na kwa uvumilivu wa watu wa Masaka, Mbeya na Majengo.

Kuna pia hesabu rahisi ambayo haifanywi mara nyingi. Binti wa miaka 16 anayeanza kujikinga leo na akaendelea hadi miaka 36 atahitaji dozi 40, zikiambatana na kupimwa na safari za kwenda kituoni. Lengo la awali la Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, pamoja na PEPFAR, lilikuwa kuwafikia watu milioni 2 kwa miaka mitatu, na kwa ulimwengu wenye maambukizi zaidi ya milioni moja kila mwaka hilo ni jambo jema lisilotosha. Hakuna serikali ya Afrika Mashariki ambayo imeonyesha jinsi itakavyomchoma kila mwenye uhitaji mara mbili kwa mwaka kwa miongo miwili. Chanjo hata ya kinga ya wastani, ikichanganywa na sindano kwa wenye hatari kubwa, ingeibadilisha hesabu hiyo.

Ukosoaji wa pili unayagusa mashirika yenyewe, na sehemu kubwa yake naikubali. Uchechemuzi wa VVU katika nchi zetu umeota mizizi katika fedha za wageni. Vipaumbele huandikwa New York au Geneva, ripoti hutoka kwa Kiingereza ambacho mwanachama wa konga ya wilaya, yaani muungano wa vikundi vya watu wanaoishi na VVU, hakisomi, na vikao vya wadau katika hoteli za miji mikuu vimegeuka kwa baadhi ya watu kuwa ajira ya posho. Nimehudhuria vikao vya namna hiyo ambamo kila aliyezungumza alikuwa mtaalamu na wale waliokuwa wakizungumziwa waliletwa mwishoni kutoa ushuhuda. Ufadhili ulipokatika 2025, mashirika mengi ya ngazi ya jamii yalibaki na ofisi zisizo na kodi ya mwezi uliofuata, na hilo ni ushahidi kwamba mizizi ilikuwa mifupi. Ila hitimisho linalotokana na hapo ni kwamba kazi hii inapaswa kuhamia nyumbani na kuwajibika kwa watu wa nyumbani. Anayesema kwa kuwa imefadhiliwa vibaya basi haihitajiki, angepaswa kusema hivyohivyo kuhusu ARV, ambazo nazo kwa miaka zaidi ya ishirini zimelipiwa kwa sehemu kubwa na haohao.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana, ni ile inayosema bei ingeshuka yenyewe na dawa ingefika yenyewe, kwa kuwa kampuni hutafuta wateja na sayansi hujiuza. Tuna kumbukumbu ya kutosha kuikanusha. Mwaka 2000 tiba ya ARV iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza bei ya dola 350 kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Aprili kampuni 39 za dawa ziliiondoa kesi yao dhidi ya serikali ya Afrika Kusini baada ya maandamano na fedheha ya dunia nzima. Na mwaka huohuo Bunge la Kenya, likisukumwa na muungano wa wanaharakati na madaktari, lilipitisha sheria ya mali ya viwanda iliyofungua mlango wa kuingiza dawa za bei nafuu. Mwaka uliofuata vuguvugu la Treatment Action Campaign liliishinda serikali ya Afrika Kusini mahakamani kuhusu nevirapini, dawa ya kuzuia mama asimwambukize mtoto, kwa wajawazito. Soko lilikuwepo kabla ya matukio hayo yote, na watu walikuwa wakifa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa kabotegraviri, sindano ya kila baada ya miezi miwili, ambayo jaribio lake kwa wanawake wa nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, lilionyesha ubora mkubwa kuliko vidonge tangu 2020. Iliidhinishwa Marekani Desemba 2021, leseni ya kuruhusu viwanda vingine ikatolewa Julai 2022 baada ya shinikizo, na bado ilikuwa 2024 kabla ya Zambia kuanza kuitoa katika huduma za kawaida. Lenakapaviri iliidhinishwa Juni 2025, na Novemba mwaka huohuo dozi za kwanza zilikuwa zimefika Zambia na Eswatini. Kenya na Uganda nazo zimo katika orodha ya nchi za mwanzo. Gilead ilitoa leseni kwa viwanda sita, kwa ajili ya nchi 120, hata kabla ya idhini yenyewe, na Septemba 2025 ikatangazwa mikataba ya nakala za bei nafuu za dawa hiyo kwa takribani dola 40 kwa mtu kwa mwaka kuanzia 2027, wakati bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 28,218. Ni haki kuitambua kampuni kwa kuchukua hatua mapema, na kuwatambua wafadhili waliohakikisha ununuzi. Lakini aliyefuatilia ataona kwamba kilichobadilika kati ya sindano hizi mbili ni kwamba safari hii mahesabu ya gharama halisi ya uzalishaji yalikuwa yameshachapishwa, barua za wazi zilikuwa zimeshaandikwa, na aibu ya kabotegraviri ilikuwa bado mbichi. Na pale ambapo shinikizo halikutosha, pengo linaonekana: Brazil, Argentina, Mexico na Peru, ambazo watu wao walishiriki PURPOSE 2, ziliachwa nje ya leseni hiyo.

Yupo atakayeuliza kama utetezi wa namna hii una nguvu yoyote mbele ya dola kubwa. Februari 2025, AVAC ndiyo iliyokuwa mlalamikaji wa kwanza katika shauri la kupinga kusitishwa kwa misaada, na Jaji Amir Ali aliamuru fedha ziachiliwe. Machi 5 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ilikataa kuizuia amri ya kulipa kazi zilizokwisha kufanyika. Baadaye upepo uligeuka: Agosti mahakama ya rufaa iliamua dhidi ya walalamikaji, na Septemba Mahakama ya Juu ikaruhusu serikali kuzuia dola bilioni 4. Mwenye kutaka kulihesabu kuwa ni kushindwa anaweza, na pia ni kweli kwamba AVAC yenyewe ilikuwa mpokeaji wa fedha hizo. Lakini mashirika yaliyokuwa yamekwisha kutoa huduma, mengine yakiwa huku kwetu, yalipata msingi wa kisheria wa kudai malipo yao kwa sababu kundi dogo la watetezi wa chanjo lilithubutu kwenda mahakamani wakati mashirika mengi makubwa zaidi yalikuwa yananyamaza.

Kwa Afrika Mashariki, yote haya yanaelekea kwenye maamuzi ambayo hayawezi tena kuachiwa Washington. Tanzania imeanza kwa kuelekeza sehemu ya tozo mpya za bajeti ya 2025/26 kwenye Mfuko wa UKIMWI na Bima ya Afya kwa Wote, na hilo ni jema, ila fedha hizo zikiishia kununua ARV na vipimo peke yake, kinga itabaki kuwa jambo la mfadhili. Ahadi ya Abuja ya 2001 ya kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya na ile ya Umoja wa Afrika ya kutumia asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti zinatajwa katika hotuba kila mwaka. Sehemu ndogo ya ahadi hizo ingetosha kuziweka hai kliniki za majaribio za Mbeya, Masaka, Nairobi na Kigali hadi chanjo inayofuata itakapokuwa tayari kujaribiwa. Baraza la watu wanaoishi na VVU na konga zake, pamoja na vikundi vya vijana wa kike na vya wanaouza ngono, wanahitaji fungu la ndani la kufuatilia nani anapata sindano na nani anarudishwa mlangoni, kwa sababu mpango unaowapa kipaumbele wajawazito na wanaonyonyesha, kama ulivyotangazwa na Marekani, unawaacha wengi walio katika hatari kubwa zaidi, na hakuna mfumo wa takwimu za hospitali utakaomhesabu mtu ambaye hakuingia hospitali.

Kalenda nayo inabana. Bei ya dola 40 inaanza 2027, lakini viwanda vya India vinapanga uzalishaji kwa kutegemea makadirio ya mahitaji ambayo nchi huyatoa mapema kabla ya hapo. Nchi itakayokadiria kidogo itapata kidogo, na upungufu huo utaonekana baada ya mikataba kusainiwa. Makadirio hayo yanapaswa kuwekwa mbele ya kamati za Bunge zinazohusika na afya, kwa Kiswahili, na mbele ya wawakilishi wa makundi niliyoyataja, wakati tarakimu zake bado zinaweza kubadilishwa.